Vipepeo walio topeni hawana kiu ya maji: jinsi ya kuwaandalia tope lao

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko barazani, upande wa nyuma wa nyumba, na hatua tano kutoka kwenye kiti changu kuna bomba ambalo hata likifungwa hubaki linadondosha. Macho yakichoka na tundu la sindano, huyapumzisha kwenye unyevu ule chini ya bomba. Ndipo nilipowaona: vipepeo kumi na ushee, wengi weupe na wa manjano, wamefumba mbawa, wamesimama topeni bega kwa bega, kimya. Maua yalikuwa palepale pembeni, yamechanua, wala hakuna aliyeyageukia.

Nikawahurumia. Nikasema hawa wana kiu, nikawawekea bakuli jeupe la maji safi. Lilikaa wiki mbili. Walikuja nyuki wawili, mmoja akazama. Vipepeo walibaki na tope lao, tena si tope lote: walipenda upande ule ninapomwaga maji niliyofulia vitambaa. Basi nikaanza kushuka kitini na kuwachunguza, kazi za watu zikichelewa, na maelekezo ninayoyatoa hapa karibu yote niliyapata kwa kukosea kwanza.

Kabla hujachukua chombo chochote, shika jambo moja: wanachokifuata ni chumvi, au tuseme kwa usahihi zaidi, sodiamu iliyomo ndani ya chumvi. Maji ni ya kuibeba tu. Kipepeo hana meno wala ulimi wa kulamba. Ana mrija mrefu anaoukunja chini ya kichwa kama utepe uliozungushwa kwenye kibao chake, na mrija huo hupitisha kitu kimoja tu, kimiminika. Chumvi kavu haimfai kitu. Akipata ardhi yenye chumvi iliyoyeyuka kwenye unyevu mwembamba, hapo amefika. Bakuli langu la maji safi lilikuwa sawa na kumkaribisha mgeni kwenye meza iliyofutwa vizuri isiyo na chakula.

Upungufu huo unaanzia utotoni. Alipokuwa kiwavi alikula majani, na majani yana potasiamu tele lakini sodiamu kiduchu, kwa kuwa mimea mingi haina haja nayo kubwa. Alipoota mbawa akahamia kwenye mbochi, ule utamu wa ndani ya ua ambao vitabu vya shule huuita nekta, nao kwa sehemu kubwa ni sukari na maji. Lakini mnyama, awe tembo awe kipepeo, hawezi kuendesha mishipa ya fahamu na misuli bila sodiamu. Tembo huchimba udongo wa chumvi, ng'ombe hulamba jiwe, kipepeo hushuka topeni. Shida ni moja.

Wataalamu walilipima jambo hili. Mwaka 1974 Karen Arms, Paul Feeny na Robert Lederhouse walichapisha jaribio walilofanya kwa Papilio glaucus, kipepeo mkubwa wa manjano mwenye milia myeusi, wa Amerika Kaskazini. Waliloanisha mchanga kwa maji yenye viambato mbalimbali, wakatazama vipepeo watatulia wapi. Walitulia palipokuwa na sodiamu. Jaribio hilo unaweza kulirudia nyumbani, na nitakueleza namna huko mbele, maana kwangu ndilo sehemu tamu kuliko zote.

Na maji ya kufulia? Sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta na magadi makali yenye sodiamu, kwa hiyo pale nilipokuwa nikimwaga nilikuwa nawaandalia karamu bila kujua. Usiige lakini. Sabuni huwadhuru wadudu, hulegeza maji yakaingia kwenye matundu yao ya kupumulia. Tangu nijue hivyo nimehamishia mwago wangu kwingine.

Sasa tutengeneze.

Anza na mahali. Pawe na jua kuanzia asubuhi mpaka mchana, na ukuta au ua wa kukinga upepo, kwa sababu kipepeo aliyefumba mbawa ni tanga, upepo ukivuma humlaza. Pawe karibu na maua lakini pasiwe chini ya kichaka kinene. Mijusi na paka hupenda kuvizia humo, na kipepeo anayekunywa ameinamisha kichwa, hana habari. Pawe pia mahali unapoweza kukaa na kuona. Sioni maana ya kuandaa tope halafu uliweke nyuma ya banda.

Chombo kizuri nilichopata ni kile kisahani kipana cha udongo kinachowekwa chini ya chungu cha maua. Kina cha vidole viwili kinatosha. Upana, kadiri uwezavyo. Cha plastiki kinafaa pia ingawa hupata moto haraka. Watu wengine huchimba shimo na kulijaza tope moja kwa moja. Mimi sishauri, kwa sababu chumvi utakayotia itashuka kwenye udongo wa bustani, na mimea iliyo jirani itakulaumu kwa kukauka ncha za majani. Kwenye chombo, chumvi inakaa unapoitaka.

Jaza mchanga sehemu mbili na udongo wa kawaida sehemu moja. Mchanga peke yake hukauka juu huku chini umelowa. Mfinyanzi peke yake hunata, kisha hupasuka kama kisigino. Udongo uuchukue mahali ambapo hapajawahi kupuliziwa dawa ya wadudu. Hili si dogo: mnyama huyu anakunywa kutoka kwenye udongo huo, na kunywa kwake ni kwingi mno, kama utakavyoona.

Sasa inua upande mmoja wa chombo kwa kipande cha tofali, au lundika tope upande mmoja liwe na mteremko. Nilichelewa sana kulijua hili. Katika dimbwi la kawaida vipepeo hawakai katikati kwenye maji. Hukaa ukingoni, pale linapokaukia. Jua linapovuta maji, chumvi haipandi nayo hewani, inabaki juu ya udongo na kuzidi kukolea. Kwa hiyo ukingo unaokauka una chumvi nyingi kuliko katikati. Mteremko unakupa ukingo kama huo siku nzima: chini kumelowa, juu kumekauka, na kipepeo anajichagulia mahali panapomfaa. Nilipokuwa na chombo kilicholala sawa nilikuwa napata wawili watatu. Nilipokiinamisha, wakaanza kujipanga kwenye mstari wa unyevu kama mishono.

Weka pia mawe mawili matatu bapa. Kipepeo ni mnyama wa kuota jua. Misuli yake isipopata joto haruki. Jiwe lenye moto kidogo ni kituo chake kabla ya kushuka na baada ya kushiba.

Chumvi: nusu kijiko cha chai kwa lita moja ya maji. Koroga iyeyuke, ndipo umwagie tope mpaka lilowe lote. Ukitamani kuongeza, jizuie. Mimi mara ya kwanza nilitia vijiko vitatu vilivyojaa, kwa imani kwamba kama kidogo ni kizuri, kingi ni kizuri zaidi. Baada ya siku nne tope liliota ukoko mweupe, na hata sisimizi waliligeuzia mgongo. Jambo jingine linalowaponyoka watu ni kwamba maji yakikauka chumvi imebaki palepale. Ukirudia kumwagia maji ya chumvi kila siku, mwisho wa wiki una kachumbari. Maji ya kwanza ndiyo yawe na chumvi. Ya kuongezea kila siku yawe maji matupu. Mvua kubwa ikinyesha na kukisuuza chombo, hapo ndipo utie chumvi upya.

Kuhusu majivu, wapo wanaonyunyizia majivu ya kuni badala ya chumvi. Majivu yana kalsiamu na potasiamu zaidi, na potasiamu kipepeo alishakula ya kumtosha tangu akiwa kiwavi. Siyakatazi, ila usiyategemee. Samadi ya zamani iliyokwisha kuoza ni jambo jingine. Konzi moja iliyochanganywa vizuri ina chumvi yake na ina nitrojeni, ambayo baadhi ya vipepeo huitafuta kwa bidii. Ndiyo maana utawakuta kwenye kinyesi kibichi, kwenye mkojo, hata kwenye mzoga. Wale wakubwa wenye mwili mnene wapitao kasi kama jiwe la manati, jamii ya Charaxes, ukitaka washuke kwako, samadi na tunda lililooza vitakusaidia kuliko chumvi. Kuna watu huweka samaki aliyeoza. Mimi nina wateja wanaokuja kupima nguo, nimeishia kwenye samadi.

Pima unyevu kwa kidole. Bonyeza: alama ibaki, ing'ae, lakini isijae maji. Yakisimama maji juu ya tope, umezidisha, na hao hawatakuwa vipepeo tena, watakuwa viluwiluwi vya mbu. Maji yaliyotuama juma zima yanatosha kulea mbu, kwa hiyo ukikuta kidimbwi kwenye kona ya chini kinyonye kwa kitambaa.

Umemaliza, na hakuna anayekuja. Ni kawaida. Vipepeo weupe na wa manjano hutazama wenzao kabla ya kushuka. Pakiwa na mmoja topeni, wa pili anavutwa, na wa tatu anakuja kwa ajili ya hao wawili. Kundi lina faida: kwanza ni tangazo kwamba hapa pana kitu, pili ndege akishuka, uwezekano wa kukamatwa wewe unapungua kadiri mlivyo wengi. Tatizo ni huyo wa kwanza. Hapa ufundi wangu ulinisaidia. Nilichukua mabaki ya satini ya manjano, nikakata vipande vya ukubwa wa kipepeo, nikavikunja katikati na kuvisimamisha topeni kwa pini, mkunjo ukiwa chini, kama mbawa zilizofumbwa. Vinne vinatosha. Siku ile ile kabla ya saa sita mchana alishuka wa kweli, akasimama karibu na satini yangu kana kwamba wanafahamiana. Karatasi ya manjano nayo inafaa kama huna kitambaa, ingawa hulowa na kulala. Wakishazoea, toa pini zako.

Watarajie siku ya jua kali, hasa siku inayofuata mvua, kuanzia saa tatu au nne asubuhi hadi saa nane mchana. Siku ya mawingu rudi kwenye kazi zako.

Wakifika, kaa ambapo kivuli chako hakitawaangukia. Wanavumilia mtu aliyetulia, lakini kivuli kinachopita juu yao ni ndege, na hawasubiri kuhakikisha. Sogea ukiwa umechuchumaa. Kitu cha kwanza utakachokiona ni kwamba kipepeo akitua anatembea kidogo, kisha ama anakunjua mrija ama anaondoka papo hapo. Anaonja kwa miguu. Ana viungo vya kuonjea miguuni, kwa hiyo kabla hujamwona anakunywa ameshajua kama tope lako lina maana.

Akikunjua mrija, mtazame nyuma. Wengi, hasa wale wakubwa wenye mikia kwenye mbawa za nyuma, hutoa tone baada ya tone kwenye ncha ya tumbo, wengine huyarusha kabisa. Mara ya kwanza nilidhani ni mgonjwa. Kumbe anachuja: maji yanaingia mbele, sodiamu inashikwa njiani, maji yanatoka nyuma. Nilichukua futi yangu nipime yanarukia umbali gani, akaruka yeye. Lakini kuna waliopima. Mwaka 1995 Scott Smedley na Thomas Eisner walieleza habari za nondo mmoja wa Amerika Kaskazini, Gluphisia septentrionis, ambaye dume lake hukaa dimbwini kwa saa kadhaa likirusha maji kwa nyuma mfululizo, na linaweza kupitisha maji yenye uzito zaidi ya mara 600 ya uzito wa mwili wake. Hebu fikiria wewe na kisima.

Nimesema dume, na nimekusudia. Kundi la topeni kwa kawaida ni madume matupu, tena vijana, mbawa zao bado hazijachanika. Nilijiuliza sana majike wako wapi, kama vile hawahitaji chumvi. Wanahitaji, tena mayai yanaondoka nayo. Lakini wanaletewa. Dume akipandana na jike humpa kifurushi chenye mbegu pamoja na virutubisho, na sodiamu aliyoikusanya kule topeni imo humo. Haendi mikono mitupu. Smedley na Eisner walionyesha mwaka 1996, kwa nondo yuleyule, kwamba jike naye huipitisha kwenye mayai, kwa hiyo kiwavi anaanguliwa akiwa na akiba kidogo ya kuanzia maisha ya kula majani. Jike kumbe anaokoa muda na hatari, anabaki kutafuta mmea wa kutagia. Ukimwona jike topeni, mara nyingi ni yule aliyezeeka, ambaye zawadi imemwishia.

Tangu nilipojua hili, nikiona kundi la kimya pale chini sioni tena watu wanaostarehe. Naona foleni.

Sasa lile jaribio. Chukua visahani vitatu vinavyofanana, jaza mchanga uleule uliooshwa vizuri kwa maji safi mara kadhaa, kisha loanisha kimoja kwa maji matupu, cha pili kwa maji ya chumvi ya kipimo kile nilichotaja, cha tatu kwa maji ya sukari. Vipange kwa mstari, vikitengana hatua moja. Usiweke alama zenye rangi juu yake. Andika chini ya kisahani ili hata wewe usijue unapohesabu, maana macho hupendelea. Kila baada ya dakika kumi hesabu waliotulia kunywa, si waliopita. Kila saa badilisha nafasi za visahani, isije ikawa wanapenda kona yenye jua tu na wewe ukadhani ni chumvi. Mjukuu wangu ndiye mhesabuji: ana makopo matatu, na kila kipepeo anayekunywa anatumbukiza kifungo. Alikuja mbio mezani kuniambia, "Babu, huyu ameonja hapa akaondoka, ameenda kwa jirani!" Tulipogeuza visahani, alipoonja palikuwa pa sukari, na jirani alikuwa kisahani cha chumvi. Jioni kopo moja lilikuwa na vifungo vyangu vingi kuliko nilivyokuwa radhi kumpa mtoto, na yale mawili yalikuwa yanagongana tu yakitikiswa. Lakini usidanganyike ukamwona kwenye sukari ukasema Arms na wenzake walikosea; sukari ni mafuta ya safari, anaihitaji pia, ila anaipata kwenye maua.

Kuna chombo kingine cha tope ambacho tayari unacho, nacho ni mkono wako. Ukiwa umetoka jasho, kaa juani karibu na kisahani, nyoosha mkono juu ya goti, usitikisike. Jasho ni maji ya chumvi. Atakuja, hasa wale wadogo wepesi wa kurukaruka, na utausikia mrija ukipapasa ngozi, mtekenyo mwembamba kama uzi unaoburutwa. Baadhi yao wakikuta ngozi imekauka hutoa tone kutoka tumboni, wakalidondosha hapo, likayeyusha chumvi, kisha wakalinywa tena. Kule Amazon wako vipepeo wanaokunywa machozi ya kasa kwa sababu hiyohiyo, wanamtua machoni akiwa ameota jua.

Utunzaji ni mdogo. Maji matupu kila asubuhi. Kila wiki mbili tatu suuza tope, mwaga yale maji mbali na mizizi, anza upya na nusu kijiko. Ukoko mweupe ukionekana, suuza siku hiyohiyo. Ndege akigundua kisahani chako na kukigeuza mgahawa, kihamishe mahali pa wazi zaidi ambapo vipepeo watamwona mapema. Na kama kundi limejitengenezea mahali pake penyewe, pembeni ya njia ya magari kwa mfano, andaa kisahani karibu, upande salama, halafu funika lile tope la njiani kwa mchanga mkavu. Watahama wenyewe.

Usiondoe chombo jua likizama. Nondo nao hunywa tope, na zamu yao ni usiku. Nenda na tochi, uifunike kwa kitambaa chekundu ili mwanga usiwashtue, uimulike kwa chini. Jana, baada ya kumaliza kushona pindo la mwisho, nilikuta watatu kwenye mstari wa unyevu, mmoja akidondosha matone nyuma, na sisimizi mmoja akiyafuata.